Salamu za Mwizi

Hasira yangu haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza. Juzi mtoto wa dada yangu alikuja kunionyesha simu yake. Anauza friji kwenye mtandao, na mnunuzi mmoja wa mbali alikuwa amemwandikia maneno matamu, eti atalipa leo leo, ila kwanza mtoto atume gharama za msafirishaji.

"Tantine, huyu mutu ananijua," akaniambia huku anacheka. "Ameniuliza hata hali ya mama."

Nilimnyang'anya ile simu. Sikumpiga, ingawa mkono ulishanyanyuka wenyewe. Nilimwambia akae chini, nikamsimulia habari ya mota ya mama, ambayo nyumbani kwetu watu hawapendi niitaje mezani kwa sababu nikianza hakuna anayemaliza kula. Sasa naiandika, asiyetaka kula asile.

Ilikuwa miaka ya vita hapa Kisangani. Mto ulikuwa umefungwa, boti za Kinshasa hazipandi. Chumvi, sabuni, misumari, vyote vilishuka kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka kwa ndege za mizigo kutoka mashariki, na kabla havijafika sokoni vilipita mikononi mwa wenye bunduki. Mafuta ya magari hayakuwepo, ndiyo maana vijana walianza kubeba watu kwa baiskeli, zile tunazoziita toleka. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Serikali ilikuwa imesahau kama kuna walimu. Tulikula kwa mashine ya mama.

Tuliiita mulin, mashine ya kusaga mihogo mikavu, ambayo baba alituachia kabla hajafa. Wanawake walileta mihogo kwenye mabeseni, mama akasimama pale tangu asubuhi, unga mpaka kwenye kope. Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini mabeseni thelathini yakipangwa mstari, alijua kila moja ni la nani, na unga wa nani una mchanga. Nilikuwa namtania kwamba kama angesoma angekuwa gavana, naye ananijibu, "Mwalimu, weye umesoma, na unakula unga yangu."

Umeme wetu ulitoka kwenye maporomoko ya Tshopo, na wakati ule bwawa lenyewe lilikuwa linaumwa. Umeme ulikuja dhaifu, ukakatika, ukarudi kwa nguvu za kichaa. Asubuhi moja ulirudi hivyo mashine ikiwa imejaa mihogo. Mota ilinguruma, ikanuka, ikanyamaza. Fundi aliifungua, akatuonyesha nyaya za ndani zimekuwa nyeusi tititi.

"Mama, hii imekufa," alisema. "Na nyaya za shaba za kuisuka upya haziko mu muji muzima."

Mama alikuwa na mguu wa kushoto uliovimba kwa miezi, hakuna dawa iliyoushusha. Bila mota angerudi kwenye kinu na mchi, atwange mihogo ya watu kwa mikono, na mguu ule. Hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Yeye alikuwa na jambo moja tu la kusema, kwamba atauza vikwembe.

Inabidi nieleze hapo. Mwanamke wa kwetu hakuweka mali yake benki, maana benki zenyewe ziliporwa. Aliweka vitambaa vya wax, vipya, havijavaliwa, vimekunjwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vidonge vya kafuri. Sanduku la mama lilikuwa na miaka ishirini na zaidi ya ndoa na uzazi na kilio ndani yake. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa walicholeta watu wa baba siku ya mahari.

Tukaenda kwenye foni. Kwa asiyejua, foni ilikuwa redio ya kuita mbali, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya soko. Unakaa kwenye benchi na wenzako kumi au kumi na tano, unangoja zamu, halafu unapiga kelele kwenye kipaza sauti, na jibu linatoka kwenye spika linasikika mpaka barabarani. Upande wa pili, Butembo huko mashariki, kuna benchi nyingine kama hiyo. Na katikati yao kuna kila mwenye redio kama ile, kokote aliko. Wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini waliijaza nchi nzima biashara kwa njia hiyo, na adabu yake ilikuwa moja: hufungui neno la biashara kabla hujauliza habari za nyumba. Mgonjwa anaendeleaje, mtoto amepona, paa limetengenezwa. Hapo ndipo ulipojulikana kwamba wewe si mgeni.

Tuliyemwita alikuwa mdogo wake mama, mjomba tuliyemwita tonton, aliyekuwa na duka Butembo na akisafiri mpaka Kampala kutafuta bidhaa. Nilimsimulia yote kwa sauti kubwa. Mota imeungua, nguvu zake ni hizi, mguu wa mama umevimba, wanafunzi hawalipi, mama atauza sanduku la vikwembe.

"Bien reçu," alijibu, yaani amenisikia vizuri. "Nitaenda Kampala, nitatafuta. Kule kuko mail. Uko na adresse? À vous." Hilo la mwisho ndilo la kukupa zamu ya kusema.

Nilikuwa nayo! Mwezi uleule mtu mmoja alikuwa amefungua chumba cha kompyuta mbili karibu na posta, nami nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupata anwani ya barua pepe. Nikaisoma pale, herufi kwa herufi, kama ninavyowafundisha watoto: M comme maman, A comme ananas. Nikarudia mara tatu kwa sababu ya mvumo wa redio. Benchi nzima ilinitazama kwa heshima, na mimi nikanyoosha shingo. Nikikumbuka ile shingo yangu natamani kuinyonga.

Siku ya nne barua ilifika. Niliinakili kwenye daftari, na daftari ninalo mpaka leo.

"Ma nièce, nakusalimia sana. Mama anaamuka? Na mguu yake ya kuvimba, inashuka kidogo? Bale banafunzi banalipa sasa? Nililia sana juu ya moteur. Bon. Nimepata ingine huku Kampala, nguvu ile ile, lakini mwenye kuuzisha anatupatia siku tatu tu, batu bengine banaitaka. Uzisha bikwembe, tuma kwa jina yake, ninaandika hapa chini. Usitume kwangu Butembo, mi siko kule. Na usiseme kitu ku phonie. Basoda banasikiliza, batangojea moteur ku Bangboka."

Nilikimbia nyumbani nikamsomea mama. Alijikuna goti.

"Tangu lini anasalimia hivi?" akauliza. "Ule mutoto hasalimiake mutu. Akiingia mu nyumba anauliza chakula iko wapi."

"Mama, mutu akiandika anakuwa na adabu. Na nani mwengine anajua mguu yako?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mimi mwalimu. Yeye aliyemlea tonton mgongoni alikuwa ameshahisi kitu, nami nikamfunga mdomo kwa elimu yangu. Hata lile neno la askari kusikiliza foni liliniingia vizuri, kwa sababu lilikuwa kweli. Walisikiliza. Mara ngapi mzigo ulitajwa kwenye redio asubuhi, jioni ukakuta watu wanaungojea uwanjani? Kwa hiyo mwizi alinikataza njia pekee ya kuhakikisha kama ni tonton, na alinikataza kwa sababu ambayo mtu yeyote wa Kisangani angeikubali bila kufikiri.

Vikwembe viliuzwa kwa siku moja. Wanawake wa soko wanajua sura ya mtu mwenye haraka, wakatupa walichotaka. Kile cha mahari mama alikishika, akakinusa, nikadhani atakirudisha sandukuni. Akakiweka juu ya vingine kwa mkono wake mwenyewe, akasema twende. Nilipeleka yote kwenye nyumba ya kutuma pesa, kwa jina la yule muuzaji.

Wiki moja baadaye ikaja barua ya pili. Salamu tena, mguu wa mama tena, halafu eti forodha wanataka kitu kidogo. Sikuwa na kitu kidogo wala kikubwa. Ndipo nilipovunja lile katazo nikaenda kwenye foni, si kwa akili, ni kwa umaskini, kumwomba tonton atukopeshe.

"Mail gani?" sauti yake ilitoka kwenye spika. "Miye sijaandika hata moja. Hata Kampala sijafika, ninaenda juma inayokuya. À vous."

Opereta aliniangalia. Mimi niligeuka nikaiangalia benchi. Niliwaangalia mmoja mmoja, nikaanza kutukana. Niliwaambia mmoja wao ni mwizi, amekula miguu ya mama yangu, afe na tumbo limevimba. Mama mmoja muuza samaki wa chumvi akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Mwalimu, siye bote tunajua mguu ya mama yako. Na weye unajua operation ya bwana yangu, na deni ya huyu, na mimba ya binti ya ule. Utamufunga nani?"

Hakuwa na kosa. Nilijua kweli operesheni ya mume wake, hata jina la daktari. Kila tulichokisema pale kilikuwa cha watu wote, na sisi wenyewe ndio tuliokitandaza. Kisha nikapokea salamu zilezile kwenye kompyuta, nikaziona kama cheti. Mtu aliyekaa kwenye benchi ya huku, au ya Butembo, au aliyekuwa na redio yake porini huko Bafwasende, hakuhitaji ujanja wowote. Alihitaji kalamu tu, na mimi nikamwandikisha. Sijamjua mpaka leo. Nimewahi kumwangalia vibaya mtu wa haki kanisani miaka mingi baadaye kwa sababu tu alikuwa ameniuliza habari za mama.

Tonton alisema tu, "Wacha, nitaona," na sauti ikakatika. Siku chache baadaye wenye bunduki waliingia kwenye vibanda vyote vya foni, wakabeba redio, wakatangaza kwamba ni marufuku mpaka amri nyingine.

Sasa sikuwa na njia ila ile kompyuta. Nilikwenda nikamwandikia mwizi maneno ambayo sikuwahi kujua kwamba ninayo. Kifaransa chote nilichofundisha kwa miaka nane nilikimwaga pale. Mnajua alinijibu nini? Alinijibu mstari mmoja: "Na mama, anaendelea aje?" Nilitoka mle ndani nikakaa kwenye ngazi za posta, na watu wa toleka wananiita "Maman, tunakupeleka wapi?"

Baada ya majuma matatu hivi niliingia tena, nikakuta barua kutoka anwani nisiyoijua. Ilikuwa fupi.

"Moteur imepatikana. Inapanda ndege ya alhamisi pamoja na sabuni. Kuwa Bangboka mbele ya saa sita, kule kintu hakilalake, batakibeba. Ambia dada sijasahau chungu ya maharagi."

Basi. Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna mguu wa mama. Nikacheka kwa uchungu. Mwizi wangu amekuwa mvivu, nikasema, hata kunibembeleza hataki tena, ananipigia mluzi tu niende uwanjani nikavuliwe na viatu. Na chungu ya maharagi ndiyo nini? Ananidharau mpaka ananiandikia upuuzi. Nikajibu kwa tusi moja ambalo sitaliandika hapa. Nikafuta ile barua.

Mama sikumwambia. Alikuwa ameshaanza kutwanga, ameketi kwenye kigoda, kinu kati ya miguu, ule wa kushoto ameunyoosha pembeni. Alikuwa haulizi tena habari za barua, na mimi nilijiambia kwamba namhurumia, simtoneshi kidonda. Uongo. Nilikuwa naona haya kumsomea tena karatasi.

Foni ilipofunguliwa mama alisema safari hii anakwenda mwenyewe. Nikampandisha toleka, mimi nikatembea kando yake. Tulingoja zamu. Benchi ilinikaribisha kana kwamba sikuwahi kuitukana, yule mama wa samaki akamsogezea mama mahali pa kunyoosha mguu. Sauti ya tonton ilikuja safi siku hiyo, bila mvumo hata kidogo, na kama kawaida yake hakusalimia mtu.

"Dada! Moteur iko nasaga muzuri? À vous."

Mama alinigeukia. Aliufunika mdomo wa kipaza sauti kwa kiganja, ingawa haikuwa na maana.

"Moteur gani?" akaniuliza.

"Allô? Ile ya alhamisi," tonton aliendelea. "Niliandikia mwalimu. Nilikopa kwa rafiki yangu ya Kampala, nikaandika na adresse yake. Iko nasaga? À vous."

Benchi nzima, watu kumi na watano, waliangalia vidole vya miguu yao. Ni mama aliyeondoa kiganja akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba watu wote wako wazima, aksanti sana, atamwita tena.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Bangboka. Nilifika nimelowa jasho, nikauliza kwa mlinzi mmoja mpaka mwingine, kila mmoja ananituma kwa mwenzake. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye macho mekundu, ameketi mbele ya ghala juu ya benchi ndogo ya mbao mpya.

"Siku mbili ilikuwa hapa," alisema. "Tuliita, hakuna mutu. Kintu hakina mwenyewe, chef ya basoda akabeba."

"Mwenyewe ni mama yangu!"

"Basi angekuya."

Aliposimama kwenda kutema mate nikaona kwamba benchi aliyokuwa ameikalia ilitengenezwa kwa mbao za sanduku la mzigo. Ubao mmoja ulikuwa na maandishi ya rangi ya bluu, herufi kubwa zilizopinda za tonton. Jina la mama, halafu KISANGANI. Nilimwomba ule ubao. Alikataa, akasema atakaa wapi. Nikamwachia kitenge nilichojifunga, nikarudi mjini na sketi ya ndani na ubao kichwani, sijali nani ananiona.

Mama alikuwa uani, anatwanga. Niliuweka ubao mbele yake, nikamwonyesha jina lake. Alilipitishia kidole, herufi moja moja, asijue inaanzia wapi.

"Barua yake ilisema nini?" akauliza. "Yote. Usipunguze."

Niliikumbuka neno kwa neno, maana niliichukia neno kwa neno. Nilimwambia ya ndege, ya sabuni, ya saa sita. "Kisha kulikuwa na upuuzi fulani," nikasema. "Eti nikuambie hajasahau chungu ya maharagi."

Mchi ulisimama mkononi mwake. Uso wake ulifunguka, nikamwona kwa muda mfupi kama msichana nisiyemfahamu, kisha ukafungika.

"Niliunguza chungu ya chakula ku kilio ya babu yetu," alisema. "Maharagi ya batu makumi mbili. Nilikuwa binti mukubwa, nilikuwa nacheza. Yeye alikuwa hivi." Akaonyesha kimo cha kigoda. "Akasema ni yeye. Wakamupiga mpaka jioni. Hatujaambia mutu, hata baba yako sikumwambia."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilitaka hata anipige na ule mchi, ingekuwa afadhali. Hakuna mtu wa benchi yoyote duniani aliyeijua chungu ile. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake peke yake, naye asiyejua herufi angeitambua kabla sijamaliza mstari.

"Ungenisomea tu," alisema.

Akavuta kinu karibu, akaunyoosha mguu wake pembeni, akaendelea kutwanga mihogo ya jirani.